Namna ya kusoma ripoti ya robo mwaka ya kampuni ya viwanda inayojipanga upya

Kampuni ya teknolojia ya viwanda inapojipanga upya, mstari wa mwisho wa taarifa ya mapato ndio unaopotosha kuliko yote. Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, ilifunga robo ya tatu ya 2024 ikiwa na mapato ya dola bilioni 13.3 na hasara ya dola bilioni 16.6. Hasara ilizidi mauzo. Robo hiyohiyo shughuli zake za kawaida ziliingiza fedha taslimu dola bilioni 4.1, na siku iliyofuata bei ya hisa ikapanda. Mambo hayo matatu hayapingani, na ukishajua kuyapatanisha umejua sehemu kubwa ya kazi.

Mwongozo huu unaifuata ripoti hiyo ya Intel kwa sababu karibu kila aina ya gharama ya kujipanga upya imo ndani yake. Njia ni ileile kwa kampuni ndogo inayounda mashine za CNC (za kukata zinazoongozwa na kompyuta) au printa za 3D, ila huko kuna hatari nyingine ambayo tutaifikia baadaye.

Kusanya nyaraka kwanza

Usianze na habari za magazetini. Kwa kampuni iliyoorodheshwa Marekani fungua EDGAR, hifadhi ya wazi ya tume ya masoko ya mitaji, SEC. Chukua tangazo la matokeo lenye majedwali yote, kisha Fomu 10-Q, ripoti rasmi ya robo mwaka, ambayo kampuni kubwa huwasilisha ndani ya siku 40 baada ya robo kuisha na ndogo ndani ya siku 45. Tangazo hutoka mapema na hupambwa. 10-Q huja kimya na ndiyo yenye maelezo ya nyongeza, na maelezo ya nyongeza ndiko gharama za kujipanga upya zinakokaa.

Tafuta pia Fomu 8-K, ya kutangaza matukio makubwa. Uongozi ukishapitisha mpango wa kufunga kiwanda au kupunguza wafanyakazi, na gharama ikawa kubwa, kampuni hutakiwa kuitangaza chini ya kipengele 2.05 ndani ya siku nne za kazi. Hapo utakuta kiasi kilichotarajiwa mwanzoni. Kihifadhi, maana robo mbili tatu baadaye makadirio hupanda na hakuna atakayekukumbusha ya kwanza. Kipengele 2.06 ni cha kufuta thamani ya mali.

Kampuni za nje zina njia yake. Stratasys, kampuni ya printa za 3D, kwa mfano, hutumia Fomu 6-K na 20-F, kwa hiyo 10-Q hutaiona. Msomaji aliyezoea soko la Nairobi ajue tofauti mbili: kule kampuni zisizo za fedha kwa kawaida hutoa hesabu za nusu mwaka na za mwaka, na hesabu zenyewe hufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu vya IFRS, wala si GAAP, kanuni za uhasibu za Marekani. Ishara ya mapema huko ni onyo la faida, linalotakiwa pale kampuni inapotarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi.

Fungua jedwali kwenye kompyuta lenye safu nane, moja kwa kila robo ya miaka miwili iliyopita. Robo moja peke yake haikuambii kitu.

Ivunje hasara vipande

Shuka mstari kwa mstari, na kila hatua hakikisha jumla inakubali. Kwa Intel, robo ya tatu ya 2024, ilikuwa hivi.

Faida ghafi ilikuwa asilimia 15.0 ya mapato, kama dola bilioni 2.0. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa asilimia 42.5. Utafiti, masoko na utawala vilichukua bilioni 5.4. Mstari wa gharama za kujipanga upya na nyinginezo ulichukua bilioni 5.6. Toa zote mbili kwenye bilioni 2.0, unapata hasara ya uendeshaji ya takribani bilioni 9. Kampuni yenyewe ilitangaza kiwango cha uendeshaji cha hasi asilimia 68.2, zidisha na mapato, inarudi palepale.

Kutoka bilioni 9 hadi 16.6 kuna nini? Kodi. Kwa kawaida anayepata hasara hupata nafuu ya kodi, lakini hapa mstari wa kodi uliongeza hasara kwa karibu bilioni 8. Sehemu ndogo ikabebwa na wenyehisa wa nje wa kampuni tanzu, ndiyo maana hasara ya wenyehisa wa Intel ikasimama kwenye 16.6.

Sasa uliza kila kipande maswali mawili: je, fedha zinatoka mfukoni, na lini? Je, kipande hiki kitarudi robo ijayo?

Gharama za kujipanga upya zenyewe zilikuwa bilioni 2.8. Kampuni ilieleza kuwa milioni 528 hazikuhusu fedha taslimu na bilioni 2.2 zingelipwa kwa fedha taslimu baadaye. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Gharama imeandikwa robo ya tatu, lakini mfanyakazi anayeondoka hulipwa kiinua mgongo chake miezi inayofuata. Kwa hiyo robo inayoonekana mbaya zaidi kwenye taarifa ya mapato inaweza kuwa nzuri kwenye fedha, na robo zinazosifiwa kwa kurudi kwenye hali ya kawaida ndizo zinazolipa bili.

Ufutaji wa gudwili, yaani ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali za kampuni iliyonunuliwa, ulikuwa bilioni 2.9, sehemu kubwa ikiwa ya Mobileye, kampuni ya teknolojia ya magari ambayo Intel iliinunua. Huo ni ungamo kwamba kampuni iliyonunuliwa haina tena thamani iliyolipiwa. Fedha zilishatoka siku ya ununuzi. Gharama hii hairudi kila robo, lakini usiipite kimya: inakupa alama ya jinsi uongozi unavyotumia mtaji.

Bilioni 3.1 nyingine zilikuwa kufuta thamani na kuharakisha uchakavu wa mitambo, hasa ile ya Intel 7, kizazi kimojawapo cha teknolojia ya kutengeneza chipu. Karibu zote zilipitia gharama ya mauzo, ndiyo maana faida ghafi ilianguka vile. Tutairudia, kwa kuwa ina mtego.

Kipande kikubwa kuliko vyote, bilioni 9.9, kilihusu mali ya kodi iliyoahirishwa. Kampuni ikipata hasara hujiandikia haki ya kulipa kodi pungufu siku zijazo. Haki hiyo ina thamani tu kama faida itakuja. Kanuni zinachukulia hasara zilizolimbikizana miaka ya karibuni kuwa ushahidi mzito kwamba huenda isije, na hapo mhasibu hulazimika kuweka tengo, yaani kiasi cha kupunguza thamani yake vitabuni, dhidi ya mali hiyo. Hakuna senti iliyotoka, na haki yenyewe mbele ya mamlaka ya kodi haijafutika. Faida ikirejea kwa uthabiti, tengo linaweza kuondolewa na kampuni ikaonyesha faida kubwa ya ghafla isiyohusiana na mauzo. Ukiona hivyo mwaka fulani ujao, usishangilie.

Jumlisha 3.1, 2.9 na 9.9: ni 15.9. Hizo ndizo gharama ambazo zingeweza kumtisha mtu bure. Ongeza 2.8 za kujipanga upya na hasara yote imeshaelezeka.

Hesabu zilizochujwa: angalia kilichobaki kwenye chujio

Kila kampuni inayojipanga upya hutoa hesabu mbili: ya GAAP na nyingine iliyoichuja yenyewe. Sheria ya Marekani inaitaka ioneshe jedwali la kutoka moja hadi nyingine. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali hilo, mwishoni mwa tangazo, na usome kila mstari uliotolewa.

Kawaida hofu ni kwamba kampuni imetoa mno. Gharama ya kujipanga upya inayotolewa kila robo kwa miaka mitatu ni gharama ya kawaida iliyopewa jina zuri. Malipo ya wafanyakazi kwa hisa nayo hutolewa karibu kila mahali, ingawa ni mshahara.

Mfano wa Intel una sura nyingine. Kiwango cha faida ghafi kilichochujwa kilikuwa asilimia 18.0, wakati kampuni ilikuwa imekadiria asilimia 38. Hasara kwa hisa iliyochujwa ilikuwa senti 46, dhidi ya makadirio ya senti 3. Ukisoma hivyo tu unaona maangamizi. Lakini ile bilioni 3.1 ya mitambo haikuchujwa. Iliachwa ndani ya hesabu zote mbili. Gawanya 3.1 kwa 13.3: ni takribani pointi 23 za asilimia. Jumlisha na 18, unapata kama 41. Yaani kiwanda, ukiacha ufutaji huo, kilifanya vizuri kuliko kilivyokadiriwa. Walionunua hisa siku ile waliona hesabu hiyo. Vichwa vya habari vilibaki na bilioni 16.6.

Kwa hiyo, chini ya mstari wa GAAP na ule uliochujwa, andika kwenye jedwali lako mstari wa tatu, wako mwenyewe: rudisha kila kitu kinachojirudia, toa kile tu ambacho unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini hakitarudi. Tumia kanuni moja kwa robo zote nane. Ukibadilisha kanuni katikati, umejidanganya.

Mtego wa mitambo iliyofutwa

Mtambo unaoandikwa vitabuni dola milioni 100, wenye miaka mitano iliyobaki, huchukua uchakavu wa milioni 20 kwa mwaka. Ukifutwa hadi milioni 40, uchakavu unakuwa milioni 8. Mwaka ujao gharama ya mauzo inashuka kwa milioni 12, faida ghafi inapanda, na hakuna fundi aliyeongeza kasi wala bidhaa mbovu iliyopungua. Faida ya kesho imelipiwa na hasara ya leo, ambayo kila mtu ameshaambiwa aisahau.

Ghala lina mtego uleule, tena wa haraka zaidi. Vipuri vilivyoandikwa dola 1,000 vikishushwa hadi 300 kisha vikauzwa kwa 600, robo hiyo inaonyesha faida ghafi ya asilimia 50 kwa mali iliyouzwa chini ya gharama yake. Chini ya GAAP, thamani iliyoshushwa hairudishwi juu. IFRS inaruhusu kurudisha kwa mali ya ghala na kwa mitambo pale hali inapobadilika, ila gudwili hapana.

Dawa yake ni kusoma maelezo ya uchakavu katika 10-Q na kuweka kwenye jedwali uchakavu kama asilimia ya mapato. Faida ghafi ikipanda pointi tatu na uchakavu ukashuka pointi tatu, hakuna kilichoboreka. Kwa ghala, hesabu siku: thamani ya ghala gawanya kwa gharama ya mauzo ya robo, zidisha kwa 91. Siku zikiongezeka wakati mauzo yanashuka, tarajia ufutaji mwingine.

Fuatilia tengo la kujipanga upya

Tengo hapa ni kiasi kilichowekwa vitabuni kulipia kujipanga upya. Katika maelezo ya 10-Q kuna jedwali lake dogo ambalo wachache hulifungua. Linaanza na salio la mwanzo, linaongeza gharama mpya, linatoa fedha zilizolipwa, linatoa zisizo za fedha, linaweka marekebisho, linafika salio la mwisho. Tuseme kampuni ya kubuni inaanza robo na tengo la milioni 30, inaongeza 12, inalipa 18, inafuta vitu visivyo vya fedha 4, na kurekebisha kwa kupunguza 5. Inabaki na 15.

Ile 5 ndiyo ya kuangaliwa. Ina maana walitenga zaidi ya walichohitaji, na sasa ziada imerudi kama punguzo la gharama. Mara moja ni makosa ya kukadiria. Ikijirudia robo tatu mfululizo, na kila mara ikatosha kufikisha faida iliyoahidiwa, basi tengo la mwanzo lilijazwa makusudi. Salio la mwisho nalo ni deni la fedha: 15 hizo zitatoka, na kama salio la benki ni 40, umejua kitu muhimu.

Zingatia pia muda wa kuandika. Chini ya IFRS, tengo linaruhusiwa pale mpango rasmi wa kina upo na wahusika wameshaelezwa au utekelezaji umeanza. Uamuzi wa bodi uliofungiwa kabatini hautoshi. GAAP kwa baadhi ya gharama husubiri hadi deni lizaliwe kweli. Usilinganishe kampuni mbili za viwango tofauti robo kwa robo.

Pima kama akiba iliyoahidiwa imepatikana

Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi, kusimamisha gawio kuanzia robo ya nne, na kupunguza gharama kwa dola bilioni 10 katika 2025. Wafanyakazi walikuwa takribani 124,800 mwishoni mwa 2023 na 108,900 mwishoni mwa 2024. Hesabu hiyo ya vichwa ni ushahidi mzuri kuliko maneno "tuko mbioni kufikia malengo".

Akiba ina hila ya lugha. "Akiba ya kiwango cha mwaka" ni ile ya robo moja, kwa kawaida ya karibuni zaidi, ikizidishwa mara nne. "Akiba iliyopatikana ndani ya mwaka" ni ndogo zaidi. Angalia ni ipi imetajwa, na inapimwa dhidi ya nini: matumizi ya mwaka jana, au bajeti ambayo haikuwahi kutumika? Gawanya gharama ya mpango kwa akiba ya mwaka. Chini ya miaka miwili ni kawaida. Ikizidi mitatu, uliza kwa nini wanafunga.

Linganisha robo na robo ileile ya mwaka uliopita, kwa sababu wanunuzi wa mashine wengi hungoja bajeti za mwisho wa mwaka. Na utafiti ukishuka haraka kuliko utawala, kampuni inakula mbegu yake.

Vitengo na wateja wa ndani

Intel Foundry, kitengo cha viwanda, kilionyesha robo hiyo mapato ya bilioni 4.4 na hasara ya uendeshaji ya bilioni 5.8. Karibu mapato yote hayo ni vitengo vingine vya Intel vikinunua kutoka kwa kiwanda cha nyumbani, kisha kwenye jumla yanafutwa. Usiyajumlishe na mapato ya bidhaa. Cha kutafuta ni mapato ya wateja wa nje, na ahadi zilizotiwa saini.

Kwa kampuni ndogo, anza na fedha

Hapa panga upya utaratibu wote: fungua taarifa ya mtiririko wa fedha kabla ya kitu kingine. Chukua fedha taslimu pamoja na dhamana za muda mfupi, toa zilizofungiwa kama rehani. Chukua fedha zilizotumika kwenye shughuli na mitambo kwa robo mbili zilizopita, pata wastani, gawanya. Jibu ni idadi ya robo zilizobaki. Chini ya nne, nenda moja kwa moja kwenye maelezo yenye shaka kuhusu uwezo wa kuendelea na biashara, na masharti ya mkopo.

Kisha angalia kama fedha zimetoka kwenye biashara au zimebanwa. Kuwacheleweshea wauzaji vipuri, kukusanya malipo ya wateja kwa punguzo, kumaliza ghala bila kuagiza: vyote hupendezesha robo moja. Siku za kulipa wauzaji zikiruka kutoka 45 hadi 80, robo ijayo wauzaji watadai malipo mapema na mstari wa uzalishaji utakosa kipuri cha dola kumi.

Tenganisha pia mauzo ya mashine na ya vifaa vya matumizi na huduma. Mashine zikidorora, poda, resini na matengenezo huendelea kuingiza fedha kwa muda, na kiwango cha faida ghafi hupanda kwa kuwa mchanganyiko umebadilika. Lakini mashine zisipouzwa leo, vifaa vya matumizi vitapungua baadaye.

Desktop Metal, kampuni ya printa za 3D za chuma, ni mfano wa kuukumbuka. Ilitangaza mpango wa kupunguza gharama Juni 2022, ikaongeza mwingine Februari 2023, na mwingine Januari 2024. Nano Dimension, kampuni nyingine ya printa za 3D, iliinunua Aprili 2025, na Julai mwaka huohuo Desktop Metal ikaomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya Marekani. Kila mpango ulikuwa na akiba yake kwenye karatasi. Mipango mitatu ndani ya miezi ishirini maana yake akiba ya mpango uliotangulia haikutosha.

Robo zinazofuata ndizo mtihani

Kwa robo ya nne ya 2024 Intel ilikadiria mapato ya bilioni 13.3 hadi 14.3 na faida ghafi iliyochujwa ya asilimia 39.5. Ilileta 14.3 na 42.1. Hapo mtihani ulipita.

Robo ya pili ya 2025, chini ya mkuu mpya Lip-Bu Tan, gharama nyingine za kujipanga upya za bilioni 1.9 zikaandikwa, hasara ikawa bilioni 2.9, na kama milioni 800 zikafutwa kwa mitambo isiyo na matumizi mengine. Ukihesabu na mpango wa 2022, huo ni mpango wa tatu. Kwenye mstari wako wa tatu, sehemu ya gharama hizi sasa inastahili kurudishwa ndani.

Robo ya tatu ya 2025 ikaja na faida ya bilioni 4.1 kwa mapato ya bilioni 13.7. Kabla ya kuifurahia, angalia faida ya uendeshaji: asilimia 5.0 tu ya mapato, kama bilioni 0.7. Nyingine ilitoka nje ya shughuli, katika robo ambayo uuzaji wa asilimia 51 ya Altera, kampuni tanzu ya Intel ya chipu, ulikamilika. Robo hiyohiyo serikali ya Marekani ilichukua karibu asilimia 10 ya kampuni, hisa milioni 433.3 kwa dola 20.47 kila moja, na SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ikaweka bilioni 2. Kwa hiyo ongeza mstari mmoja chini kabisa ya jedwali: idadi ya hisa. Faida kwa hisa ya robo zijazo itagawanywa kwa watu wengi zaidi, na kulinganisha na 2024 bila mstari huo kutakupa jibu lisilo sahihi.